Ndege wa Bonde la Msimbazi wahesabiwe na kiangazi pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu bustani kubwa inayokusudiwa Jangwani, chini ya Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Mto Msimbazi. Mazungumzo mengi ninayoyasikia ni ya mafuriko, fidia na daraja, na ni haki yake, maana watu wamepoteza nyumba na wengine maisha. Ila ndege hawana wa kuwasemea, na bonde lile ni lao pia.

Ninaishi Tabata. Mwezi Aprili, masika yakishika, mtu anaweza kuapa kwamba jiji hili halijapungukiwa na ndege hata mmoja. Kiwanja chochote ambacho hakijajengwa huota nyasi hadi kiunoni. Mnana wanachana majani ya matete kusukia viota, kweche dume amevaa wekundu wake, na dudumizi analia alfajiri hadi unaamka kabla ya saa. Hata kwa jirani aliyesakafia ua wote kwa vitofali, ndege hutua ukutani wakiwa njiani.

Njoo Agosti. Nyasi zimekauka au zimechomwa moto, kweche amerudia rangi ya udongo na hatumwoni tena. Katika mitaa iliyosakafiwa husikii ila kunguru, njiwa na shomoro. Lakini nenda palipobaki miti mikubwa, kama Mlimani pale Chuo Kikuu au Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, utawakuta chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza maua, na shorewanda wanaendelea na shughuli zao.

Jani bichi humlisha kiwavi, na kiwavi humlisha kinda. Hata mnana, anayejulikana kwa kula mbegu, huwatafutia makinda wake wadudu. Ndiyo maana wataalamu hupima ukijani wa miji kwa picha za satelaiti, kwani penye ukijani mwingi kwa kawaida chakula ni kingi. Tatizo ni kwamba mitaa miwili inaweza kuonekana ya kijani sawasawa wakati wa mvua, kumbe mmoja una nyasi za msimu tu na mwingine una miti ambayo mizizi yake inafika kwenye maji. Tofauti hiyo huijui mpaka mvua zikatike.

Kunguru hana shida hiyo. Waliletwa Unguja kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka hadi bara, na wanaishi kwa taka zetu, ambazo hazina masika wala kiangazi. Wenzake wanapokuja kutaga mvua zikianza, wanamkuta ameshiba na yuko tayari kula mayai na makinda. Kampeni za kuwaua kwa sumu zimefanyika, nao wakaongezeka tena. Sishangai, maana jalala liliachwa palepale.

Kuna na wageni. Kuanzia Oktoba hadi Aprili tunao mbayuwayu kutoka Ulaya, na ndege wa pwani wanaojilisha kwenye matope ya mdomo wa Msimbazi, karibu na Daraja la Salenda, pembeni ya mikoko. Anayehesabu ndege mwezi Julai peke yake atakosa karibu wote hao, kisha ataandika kwamba eneo halina umuhimu mkubwa. Anayehesabu Aprili peke yake ataandika kwamba kila kitu ni salama. Taarifa zote mbili zitakuwa na takwimu sahihi, na zote zitatupotosha.

Najua watu lazima wapate pa kulala. Sensa ya 2012 ilitukuta milioni 4.36 katika mkoa huu, ya 2022 ikatukuta milioni 5.38. Sisemi tusijenge. Ninachoomba ni kwamba bustani ya Jangwani isiwe zulia la nyasi na michikichi ya mapambo. Ipandwe mikuyu, ambayo huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka na kuwalisha ndege wakati miti mingine imelala. Ipandwe mwambangoma, unaotoa maua mekundu hata kabla ya kurudisha majani, chozi wakajaa. Matete ya kando ya mto yaachwe angalau kwa sehemu, kwani huko ndiko mnana wanakosuka, na ukingo wote ukiwa zege watakuwa wamefukuzwa kwao.

Na hesabu ifanywe masika, kiangazi na vuli, kabla ya mche wa kwanza kupandwa na kila mwaka baada ya hapo. Sijasikia tarehe yoyote ikitajwa. Wahusika wakiipanga, nitakuja na daftari langu, na najua wenzangu wa Tabata ambao watakuja pia.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam