Kugandisha filamu za kamera: Jumamosi saa 4 asubuhi

Habari za jioni ndugu zangu. Friza ya kikundi imeshawashwa na imetulia kwenye nyuzi -18. Tunapakia filamu Jumamosi hii, saa 4 asubuhi, studio ya Kariakoo.

1. Mchango ni sh 10,000 kila mmoja, mwisho Alhamisi saa 2 usiku. Ni ya mifuko ya zipu na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.

2. Leta filamu ambazo hazijafunguliwa tu. Roli za 120 (zile pana zenye karatasi ya nyuma) zibaki ndani ya foili yake, za 35mm ndani ya kopo. Ukishachana foili, unyevu wa Dar umeingia, na kugandisha ni kuufungia humo humo.

3. Andika kwa maka peni: jina lako, ISO (namba ya wepesi wa filamu kushika mwanga), tarehe ya kuisha muda.

Filamu za picha za papo hapo, Polaroid na Instax, msilete kabisa, dawa iliyomo ikiganda zinaharibika. Zikae friji ya kawaida. Za ISO 3200 tuzitumie mapema, maana baridi haizuii mionzi ya asili, nazo ndizo zinazoharibiwa na mionzi hiyo haraka, picha zikatoka na utusitusi.

Siku ya kutoa, toa mfuko jioni na usiufungue hadi asubuhi. Ukifungua ungali baridi, matone yanatua juu ya filamu, na kwenye 120 namba za karatasi ya nyuma zinaweza kujichapa kwenye picha.

Tafadhali kila mmoja ajibu hapa "Nakuja" na idadi ya roli zake kabla ya Alhamisi, nijue mifuko ya kununua. Na nani anakaa karibu, awe anaangalia friza umeme ukikatika?