Barua kwa Rukia: njoo tulale Erice

Palermo, 10 Machi

Shoga yangu Rukia,

Assalamu alaikum. Natumaini wewe na watoto mko salama na joto la Muscat bado halijaanza kuwachoma.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni na mikono imejaa unga. Umesema una siku tatu tu kabla ya kwenda kwa dada yako Uingereza, na hutaki mji mkubwa. Unataka mji wa kale, wa mawe, ulio juu, ambao ukifungua dirisha asubuhi unaona bahari. Mji huo ninao. Unaitwa Erice. Uko juu ya mlima, mita 751, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa hiki cha Sicily, Italia, na chini yake umelala mji wa bandari wa Trapani. Nimekwenda mara nne. Mara tatu nilipanda asubuhi nikashuka jioni, mara ya nne nikalala. Ndiyo maana nakuandikia barua nzima badala ya kukujibu kwa simu: kuna jambo moja nataka unikubalie, nalo ni tulale juu.

Wageni wengi hufika saa nne asubuhi, wakala keki, wakapiga picha ngomeni, na ikifika saa kumi jioni wanaanza kushuka. Wanauona mji wa maduka. Siku niliyolala, gari la mwisho lilipoondoka, ukungu ukapanda kutoka baharini ukaingia vichochoroni taratibu, kama mtu anayerudi kwake. Wenyeji huuita busu la Venus, yule mungu wa kike wa Warumi. Nikawa nasikia viatu vyangu mwenyewe juu ya mawe, na mahali fulani nyuma ya ukuta mtu anaosha vyombo. Siku hizi wanaoishi ndani ya kuta mwaka mzima ni wachache, wengi wamehamia chini, mtaa wa Casa Santa, kwenye maduka na shule. Asubuhi ukungu ukashuka, na bahari ikafunguka yote kwa mara moja. Nilitamani uwepo, wallahi.

Sasa sikiliza nilivyopanga. Ukitua uwanja wa ndege wa Palermo usihangaike kuja mjini. Nitakungoja palepale, maana lipo basi linalotoka uwanjani hadi Trapani, mwendo wa saa moja na ushei. Nimechagua wiki ya pili ya Mei. Pasaka itakuwa imepita, na hiyo ni nafuu, kwa sababu Ijumaa Kuu Trapani hutoa maandamano yake ya Misteri, sanamu za mateso ya Yesu zikibebwa mabegani takribani saa ishirini na nne, na vyumba hujaa eneo zima. Jua la Mei bado ni la kuvumilika. Ila njoo na sweta na shali nzito. Najua umezoea Muscat. Huko juu usiku ni baridi hata watu wa chini wakiwa wamevaa mikono mifupi.

Siku ya kwanza tutabaki chini. Trapani imejinyoosha baharini kama mundu, na jina lake la Kigiriki, Drepanon, maana yake ni mundu huohuo. Tutatembea hadi ncha, kwenye mnara wa Ligny uliojengwa 1671, bahari kushoto na bahari kulia. Kusini mwa mji kuna mashamba ya chumvi, na hapo ndipo utakaponikumbuka, kwa sababu utaiona Gongoni ya kwetu, pwani ya Kenya. Ni mabwawa yaleyale mapana, maji yakikaushwa na jua na upepo, ila wao wana vinu vya upepo vya kizamani kandoni, na malundo ya chumvi huyafunika kwa vigae vya udongo. Mavuno yenyewe ni kiangazi, kwa hiyo tutakuta maji zaidi kuliko chumvi.

Nataka pia tukae kidogo bandarini nikusimulie habari za Ibn Jubayr, kwa sababu mie zilinigusa. Alikuwa mwanachuoni wa Andalusia, anarudi kwao kutoka Hija. Merikebu yake ikavunjika karibu na Messina mwishoni mwa mwaka 1184, kisha akafika Trapani kungoja chombo cha kumvusha. Sikukuu ya kumaliza Ramadhani ikamkuta hapo, mgeni kati ya wageni. Wakati huo kisiwa kilikuwa mikononi mwa wafalme wa Kinormani, Waarabu walishakipoteza karne iliyotangulia. Ameandika kwamba Waislamu wa mji walitoka kwenda kusali Idi kwa ngoma na pembe, naye akastaajabu kuwaona Wakristo wakiwaachia. Idi yangu ya kwanza hapa nililia chooni, Rukia, kisha nikarudi kumlisha bibi ninayemtunza. Nilipokuja kusoma kwamba miaka mia nane iliyopita mtu mwingine alihesabu siku zake kwenye bandari hii akisubiri kurudi kwao, nilihisi nimepata mwenzangu. Ameutaja na mlima pia. Waarabu waliuita Jabal Hamid, na alisikia kwamba wanawake wake ndio wazuri kupita wote kisiwani.

Siku ya pili ndiyo ya kupanda. Kuna gari la waya, vibanda vinavyoning'inia, dakika kumi hivi unakuwa juu. Upepo ukiwa mkali husimamishwa, na hapo tutachukua basi linalozunguka mlima kwa kona nyingi. Hutakosa chochote, mandhari ni ileile. Tutaingia kwa lango la Porta Trapani. Magari hubaki nje. Mizigo ya magurudumu haifai kabisa, na kuhusu goti lako nakuomba uniamini: njoo na viatu vya soli ya mpira. Mawe ya vichochoro yamepangwa kama jamvi, mabamba makubwa yakitengeneza fremu na vijiwe vidogo vimejazwa ndani, na miguu ya karne nyingi imeyasugua hadi yanang'aa. Yakipata ukungu yanateleza. Tutakwenda polepole, mkono kwa mkono, kama tulivyokuwa tukienda madrasa.

Nyumba zake utazielewa kuliko watalii. Kwa nje ni ukuta mtupu, mlango na kidirisha. Mlango ukiwa wazi, chungulia: ndani kuna ua, kisima, vyungu vya maua, ngazi ya kupanda vyumbani. Ni sitara ileile ya nyumba za bibi zetu, kwamba uzuri ni wa wenyewe. Karibu na lango kuna kanisa kuu, lililojengwa 1314, na mnara wake uliosimama peke yake, uliokuwa wa walinzi. Ngazi ni zaidi ya mia. Huo nitaupanda mwenyewe, wewe utaningoja. Kutoka hapo hadi Porta Spada unafuata ukuta wa kale wa mji, na kwenye baadhi ya mawe ya chini kuna herufi za Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon, zilizochongwa, ndogo, ambazo mtu hupita bila kuziona. Nitakuonyesha.

Ngome iko upande wa pili, juu ya jabali, mahali ambapo chini hakuna kitu ila hewa. Wanormani waliijenga juu ya hekalu. Waelimi, wenyeji wa kwanza tunaowajua, walikuwa na mungu wao wa kike hapo. Wafoinike wakamwita Astarte, Wagiriki Aphrodite, Warumi Venus. Warumi walimthamini hadi mwaka 215 KK wakamjengea hekalu lake mjini Roma kwenyewe. Mabaharia walikuwa wakiutafuta mlima huu kwa macho kutoka mbali, kama baba yako alivyokuwa akisoma nchi kabla hajaiona bandari.

Na kuna njiwa. Waandishi wa kale wanasema njiwa wa hekalu waliondoka kila mwaka siku maalumu, na watu wakaamini mungu wao amevuka kwenda Libya na njiwa wake wamemfuata. Siku tisa mlima ulikaa bila njiwa. Kisha alionekana mmoja akitokea baharini, na nyuma yake kundi zima. Sisi tuliozaliwa nyumba za watu wanaoondoka na kusi wakarudi na kaskazi, hadithi hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Hapo ngomeni ndipo ninapotaka kusimama nawe. Magharibi utaviona visiwa vya Egadi: Favignana, Levanzo, na Marettimo kwa mbali. Hewa ikiwa safi sana, watu huiona hata pwani ya Tunisia. Kwenye maji hayo, tarehe 10 Machi mwaka 241 KK, Roma ilizizamisha merikebu za Carthage, dola ya kale ya huko Tunisia, na kumaliza vita vya miaka ishirini na mitatu. Mahali hasa hapakujulikana, hadi Sebastiano Tusa, mwanaakiolojia wa Palermo, na wenzake walipoanza kutoa kutoka sakafu ya bahari, kaskazini-magharibi mwa Levanzo, pembe za shaba zilizofungwa mbele ya merikebu za vita ili kutoboa nyingine.

Ujue nimeanza barua hii leo kwa makusudi. Tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa Jumapili. Nilikuwa sijamaliza mwaka hapa, Kiitaliano changu kilikuwa kile tulichojifunza ufukweni, nimeketi na bibi mbele ya televisheni. Ndege imeanguka Ethiopia, ilikuwa inakwenda Nairobi, watu 157 wamekufa. Kisha nikasikia jina: Malindi. Nilidhani nimesikia vibaya. Tusa alikuwa ndani ya ndege ile, anakwenda mkutano wa UNESCO wa akiolojia ya chini ya bahari, kwetu, Malindi. Bibi alianza kulia, kwa sababu hapa alikuwa mtu wa kuheshimiwa, ndiye aliyekuwa akisimamia turathi za Sicily serikalini. Mie nikalia kwa mambo mengi. Mtu aliyeipata ile bahari ya vita alikufa tarehe ileile ya vita, akielekea kwenye bahari yangu. Tangu siku hiyo sijawahi kuona hapa ni mbali na nyumbani kama nilivyoona mwanzo. Tukisimama pale tutawasomea dua marehemu wote wa safari ile, wa huku na wa kwetu.

Chakula kisikutie wasiwasi. Trapani ni mji wa samaki, na chakula chao kikubwa ni cuscusu: semolina inayoviringishwa kwa vidole ndani ya bakuli pana la udongo, ikapikwa kwa mvuke, kisha ikamiminiwa mchuzi wa samaki wa aina nyingi. Tutaila chini siku ya kwanza. Juu, Erice, ni mji wa vitu vitamu. Masista wa utawa walikuwa wakitengeneza vileja vya lozi na kuviuza kupitia kitundu ukutani, na Maria Grammatico, aliyelelewa na masista hao enzi za ufukara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitoka na ujuzi akafungua duka ambalo lipo hadi leo. Kuna keki ndogo iitwayo genovese, laini, ina krimu moto ndani na sukari ya unga juu. Huliwa papo hapo, ikipoa si yenyewe. Jambo moja tu: kila duka tuulize kwanza kama wametumia strutto, yaani mafuta ya nguruwe. Kuuliza nitauliza mie, hawakasiriki.

Na tega sikio sokoni. Aina moja ya zabibu huku huitwa zibibbo. Mkuu wa wavuvi wa jodari, yule aliyeamrisha mashua zote kwenye wavu mkubwa, huitwa rais. Bibi aliponisimulia kwamba babu wa jirani yao alikuwa rais, niliuliza wa nchi gani, naye kwa upole akanieleza. Alizaliwa chini ya mlima huu, na kwenye vitambulisho vya wazazi wake mji uliitwa Monte San Giuliano, kwa kuwa jina la Erice lilirudishwa mwaka 1934 tu. Ameniomba nimletee genovesi mbili na picha ya lango.

Siku ya tatu tutaamka mapema, tuone ukungu ukishuka, tunywe chai ya maziwa nitakayobeba kwenye chupa na iliki yake, kisha tushuke bila haraka. Jioni utakuwa uwanjani.

Uje na begi dogo la mgongoni. Uje na halua, ile laini ya zafarani, kwa sababu bibi hawezi tena kutafuna na nimemsifia mno. Na kama ile picha yetu ya pale kwenye mnara wa Vasco da Gama bado unayo, uje nayo, yangu iliharibika na maji.

Chumba nilichokiona kipo kwenye nyumba ya wageni ndani ya kuta, vitanda viwili, ghorofa ya kwanza, ngazi tisa tu kwa goti lako. Kinachotazama bahari ni hicho kimoja, na mwenyewe amekubali kunishikia hadi Ijumaa. Nijibu kabla ya hapo.

Nduguyo,
Mwanasha