Ile si hirizi, mdogo wangu

Mdogo wangu,

Juzi tulipozungumza kwa video ulikiona kile kijumba kama kikasha kidogo nyuma yangu, kimepigiliwa kwenye mwimo wa mlango, ukaangua kicheko: "Dada, kumbe huko nako milango huvishwa hirizi?" Mama mzee wa Kiyahudi ninayemlea alikuwa ananiita, nikakata simu. Nakujibu hapa hadharani, maana najua hauko peke yako.

Inaitwa mezuza, na kwa Kiebrania neno hilo ndilo huo huo mwimo wa mlango. Nyumba hii ninayomlea mama mzee, hapa Golders Green, London, kila mlango unayo isipokuwa choo na bafu. Ndani ya kijumba mna kipande cha ngozi ya mnyama kilichoviringishwa kama mkeka, kikaandikwa kwa mkono maneno ya kitabu cha tano cha Torati: Mungu ni mmoja, mpende kwa moyo wako wote, wafundishe wanao, uyaandike haya kwenye miimo ya nyumba yako. Jumla herufi 713.

Mwaka jana alikuja mwandishi wa Kiyahudi, anayeandika ngozi hizi, kuzikagua, kwani desturi ni mara mbili kila miaka saba. Ya mlango wa mbele ina kijumba cha fedha, zawadi ya harusi ya mama mzee. Yule bwana akaichomoa ngozi, akaisogeza dirishani, lenzi jichoni. Kimya. Kisha akatuita tuone: wino umebanduka kwenye herufi moja, mguu wake umekatika. Basi, ngozi nzima haifai. Nilidhani atachovya kalamu ajazie. Wapi! Herufi lazima ziandikwe kwa kufuatana, ya kwanza hadi ya mwisho. Huwezi kurudi nyuma kuziba pengo. Mama akanunua ngozi mpya kwa bei iliyonifanya nishike kichwa. Kile kijumba cha fedha wala hakukizungumzia.

Sikatai, wapo Wayahudi wanaoiona kama kinga ya nyumba. Lakini Musa bin Maimuni, yule mwanachuoni wao aliyekuwa tabibu Misri enzi za Salahuddin, aliwashambulia vikali waliokuwa wakiongeza majina ya malaika ndani yake. Aliwaita wapumbavu, kwa kuigeuza amri ya kumpwekesha Mungu ikawa hirizi ya kujinufaisha. Kwake yeye kazi ya mezuza ni kumzindua mtu kila aingiapo na atokapo.

Uliuliza pia mbona imekaa upande. Rashi, mwanachuoni wa Ufaransa, alisema isimame wima. Mjukuu wake, Rabenu Tam, akasema ilale. Wayahudi wengi wa Ulaya wakaamua kuiweka mshazari. Sisi babu na mjukuu wakikhitilafiana hatufiki huko, tunaishia kwa kadhi na shamba la minazi katikati.

Na kabla hujacheka tena, kumbuka mlango wa bibi, ile aya iliyochongwa juu. Bibi macho yalikuwa yamekwisha, haisomi tena, lakini hakuvuka kizingiti bila kuinua uso na kusema Bismillahi.

Mama mzee naye sasa anasahau. Dawa hajui kama amekunywa, na kuna siku ananiita kwa jina la dada yake. Ila akipita mlangoni mkono unakwenda wenyewe: vidole viguse mezuza, kisha avibusu. Wiki iliyopita nilimrudisha kutoka hospitali kwa kiti cha magurudumu. Nikamsukuma moja kwa moja ndani, maana mvua ilikuwa inatupiga. Akagonga mkono wa kiti, mara mbili, mara tatu. Nikadhani anaumwa. Kumbe mkono haukufika. Nikamrudisha nje, kwenye mvua hiyo hiyo, nikamshika kiwiko nikamwinulia mpaka vidole vikagusa fedha.

Akavibusu, akaniuliza kama chai ipo.

Msalimie mama. Na Ijumaa nipigie mapema, kabla hatujawasha mishumaa ya Sabato; jua likishazama simu sipokei.

Dada yako