Malalamiko: Mama kukosa kipimo cha MRI na kunyimwa fedha

Meneja,
Kituo cha Vipimo,
Dar es Salaam.

YAH: KUKATISHWA KWA KIPIMO CHA MRI NA MADAI YA FEDHA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Wiki iliyopita nilimleta mama yangu kwenu kupigwa MRI ya kiuno, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, mgonjwa akiwa amelala ndani ya tundu la mashine. Tulilipa kwanza. Alitoka bila picha hata moja, na keshia akasema fedha hazirudi kwa kuwa "mgonjwa amekataa kipimo".

Mama hakukataa. Kabla hajavua viatu alimweleza mtaalamu wenu kwamba hata lifti hapandi, akifungiwa pumzi inamkata. Akajibiwa, "Bibi, lala tu, tuna foleni." Akaingizwa akitanguliza kichwa, mkononi hana kengele ya kubonyeza. Niliposikia ukelele nikaingia hadi mlango wa ndani: mama amekaa kitandani, ushungi umemdondoka, anatetemeka, naye mtaalamu anamuuliza kama ana historia ya ugonjwa wa akili. Swali hilo limeniuma kuliko hela.

Sidai mnunue mashine yenye tundu la sentimita 70 badala ya hiyo ya 60. Lakini kwa kipimo cha kiuno, mgonjwa anaweza kutanguliza miguu, kichwa kikabaki karibu na mdomo wa tundu. Kitambaa cha kufunika macho kabla hajasukumwa ndani ni bei gani? Nami ningekaguliwa vyuma, nikavaa vizibo vya masikio, nikakaa namshika mguu. MRI haitumii mionzi kama eksirei. Ule mngurumo wa mashine nao unatisha usipoambiwa unakuja, na kipaza sauti cha kuzungumza na mgonjwa mnacho. Haya yote yakishindikana, daktari huweza kumwandikia dawa ya kutuliza, mradi awe na wa kumrudisha nyumbani.

Fomu yenu inauliza betri ya moyo, vyuma na ujauzito. Hofu ya kubanwa haimo. Iongezeni, na anayejibu ndiyo asikilizwe kabla ya kulipa.

Kwa sasa naomba mama apangiwe kipimo kingine bila malipo mapya, chini ya mtaalamu mwingine, au turudishiwe fedha zote. Nakala ya risiti nimeambatisha. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku saba. Daktari aliyetuandikia kipimo nimempa nakala ya barua hii.

Wako,
Binti wa mgonjwa