Kuta Zilizopinda: Barua kwa Salim

Barcelona, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na mama watoto na Bibi. Najua nimekaa kimya tangu arusi ya Zuhura, na visingizio vyangu umekwisha kuvichoka, lakini jana nimeona jambo lililonikumbusha deni la miaka mingi.

Unaukumbuka ule mchoro wako wa chuoni, wa nyumba isiyo na kona, ambao mimi na Kombo tuliuita tumbo la pweza? Jana niliingia ndani ya tumbo hilo. Linaitwa Casa Milà, jengo la makazi ya kupanga lililobuniwa na Antoni Gaudí na kujengwa kati ya 1906 na 1912. Watu wa hapa walilibandika jina La Pedrera, yaani machimbo ya mawe, kwa kulidhihaki. Kumbe wenye midomo kama yetu walikuwapo zamani. Uso wake wa mawe unapanda na kushuka kama bahari ya kusi, na vyuma vya roshani vimesokotana mfano wa mwani uliotupwa ufukweni.

Lakini urembo si hoja yangu. Tulikuambia kwamba ukuta uliopinda hauwezi kubeba ghorofa, nawe ukajibu kwamba kubeba si kazi yake. Hivyo ndivyo! Mzigo umebebwa na nguzo na boriti za chuma. Hata ule uso wa mawe unajibeba wenyewe tu, ukiwa umeshikizwa kwa vyuma kwenye kiwiliwili cha jengo. Ndiyo maana kuta za ndani zaweza kuvunjwa na vyumba vikapangwa upya bila dari kumwangukia mtu. Darini kuna matao 270 ya matofali, yasiyolingana kimo, na umbo lake ni la kamba ya kuanikia nguo iliyolegea, ukiipindua juu chini. Niliposimama chini yake nikaikumbuka ile kamba uliyomwonyesha mwalimu, darasa zima likakucheka, na mimi mbele yao. Nisamehe.

Usidhani Gaudí alistareheshwa. Manispaa ilimsimamishia kazi kwa sababu nguzo moja iliingia njiani (na wewe unalia na kibali chako!), na mwenye nyumba, Bi Roser Segimon, hakuyapenda mapambo yale, hata Gaudí alipofariki 1926 akaifanyia ghorofa yake mapambo mapya. Huko juu ya paa, kati ya dohani zinazofanana na askari wenye kofia za chuma, upepo nusura uniibie kofia yangu mimi.

Sasa niambie: mchoro ule bado unao, au mchwa wamekutangulia? Kile kiwanja cha Raskazone hujakiuza? Ukijenga, makabati utayaegemeza wapi, na ni fundi gani atakayekubali kuiacha timazi yake nyumbani? Na Kombo je, nimwandikie mimi, au utapenda kumwambia mwenyewe?

Nduguyo,
Hamisi