Ufukwe wa Shangani uandikwe kuwa wa watu wote

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo.

Hapa Mtwara ukitaja gofu watu wanawaza matajiri na mlinzi getini, ila uwanja wa zamani kuliko karibu vyote duniani, Old Course ya St Andrews kule Scotland, ni mali ya mji. Ni ardhi ya mchanga tu pembeni ya bahari, kulima haifai, mvua ikinyesha maji yanazama hapohapo na upepo haukatiki. Mwanzoni hakuna fundi aliyeuchora, yale mabonde ni kazi ya upepo na bahari, na inasemekana mashimo mengine ya mchanga, yale ya kumtega mchezaji, yalianza kwa kondoo kujibanza wakikimbia baridi. 1764 ndo wakapunguza mashimo ya kuchezea, yale ya kutumbukizia mpira, kutoka 22 hadi 18, leo dunia nzima inacheza 18.

Sasa kilichonigusa ni hiki. Mwaka 1552 askofu mkuu John Hamilton aliweka kwa maandishi kwamba wenyeji wana haki ya kucheza pale, gofu na mpira wa miguu pia, yeye akabaki na haki ya kufuga sungura. Baadae, 1797, mji ukawa na madeni ukaiachia ardhi kwa wafanyabiashara wa sungura, nao wakajaza sungura wakachimba kila mahali, kesi zikaenda miaka na miaka mpaka 1821 mwenye shamba jirani, James Cheape, akainunua kuokoa mchezo. 1894 ikatungwa sheria kabisa, ikarudi kwa mji. Na Jumapili kwa kawaida hakuna gofu, watu wanatembea humo na watoto na mbwa wao.

Sisi Shangani maji yakikupwa vijana wanachomeka fimbo mbili za goli mchangani na mpira unaanza, kina mama wanapita pembeni na ndoo wakitoka kuchokoa chaza, hakuna anayemuuliza mtu kibali. Lakini haki hiyo imeandikwa wapi? Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, sawa, ila haimwambii mtoto wa Mtwara apite njia gani kufika huko mchangani kama viwanja vyote vya mbele vimezungushiwa ukuta.

Naomba wahusika wa mipango miji waonyeshe ufukwe wote kwenye ramani kama eneo la wazi, pamoja na kila njia ya kushukia, wapige bikoni za mipaka, na ramani ibandikwe ofisi ya mtaa tuione wote.

Mkazi wa Shangani,
Mtwara