Karakana ya sanaa ifuate jua na upepo wa Lamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa nakshi mtaa wa Langoni, Lamu. Huu ni mwaka wa sita nafunza wanafunzi wa shule moja ya upili hapa kisiwani kuchonga mbao, Jumatatu na Alhamisi baada ya masomo, chini ya muarubaini. Mshahara sina. Hupewa chai na mahamri, na mbao huja nazo mwenyewe, vipande vilivyobaki kwenye milango ya watu.

Shule hiyo imepata wafadhili wa kuijengea vyumba viwili vya sanaa, kimoja cha uchoraji na kimoja cha uchongaji. Ni kwa ajili ya wanafunzi wa Gredi ya 10 waliochagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ni jambo la kheri, na muarubaini ukikatwa kupisha msingi nitausikitikia kidogo, basi. Lakini wiki mbili zilizopita wazazi tuliitwa kuonyeshwa ramani, nami sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ramani yenyewe inapendeza. Mchoraji ametia hata vijitu vidogo vinavyotembea uani, kimoja kimevaa sweta. Chumba cha uchongaji amekiweka mashariki, karibu na lango. Cha uchoraji magharibi, na ukuta wake wa magharibi ni vioo kuanzia kiunoni hadi darini ili wageni wakipita njiani wawaone wanafunzi kazini. Sakafu ni vigae. Madirisha ni yale ya kutelezesha, ambayo hata ukiyafungua yote upepo unapata nusu tu ya nafasi.

Nianze na hivyo vioo. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta. Tangu katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la adhuhuri linakuwa kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linakuwa kusini, lakini pande zote mbili linapita juu sana. Upenu wa mita moja unatosha kulizuia lisiingie dirishani adhuhuri. Jua lisilozuilika kwa upenu ni la jioni, linaloingia mlalo kutoka magharibi. Masomo ya sanaa yako alasiri. Mtoto atakaa na karatasi nyeupe mbele yake saa kumi, jua limemmulika usoni, rangi zinamkaukia kwenye brashi. Baada ya muhula mmoja mwalimu atatundika mapazia, na wageni hawatamwona mtu yeyote.

Mchoraji alitueleza pia kwamba madirisha makubwa ameyaelekeza kaskazini kwa kuwa huo ndio mwangaza wa wasanii. Huko Ulaya ni kweli, maana huko jua haliji kaskazini adhuhuri hata siku moja. Hapa kwetu nusu ya mwaka liko huko huko! Sipingi madirisha ya kaskazini, nasema yawekewe upenu wa maana. Katika ramani upenu ni shubiri mbili.

Mwangaza kwetu si urembo. Ami yangu aliyenifunza, Mungu amrehemu, alikuwa hanipi patasi kabla sijamjibu swali moja: “U wapi mwangaza?” Anayeshika patasi kwa mkono wa kushoto na kugonga kwa wa kulia anataka mwanga umjie kwa ubavuni, chini chini, ili kila mfereji utupe kivuli chake na jicho lione umeingia kina gani. Mwanga ukitoka mgongoni, kivuli cha kichwa chako kinaifunika kazi. Mwaka juzi mvua ilitukimbiza chini ya muarubaini tukaingia darasani, mlango nyuma yetu, nami kwa uzembe wangu nikawaacha waendelee. Kijana mmoja alikuwa anamalizia ua la waridi kwenye kipande cha mbambakofi. Patasi ikateleza, ikamwingia chini ya kidole gumba hadi ikatokea nyama nyeupe. Alishonwa nyuzi tano. Babake hakunilaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

La pili ni upepo, na hapa ndipo ramani imepinduka kabisa. Tuna pepo mbili, kila mtoto wa Lamu anazijua. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Aprili. Majina yanatofautiana lakini zote huegemea mashariki, moja mashariki ya kaskazini, nyingine mashariki ya kusini. Sasa chumba cha msumeno na msasa kikiwa mashariki, vumbi lake litakwenda wapi? Litakwenda magharibi, kwenye picha zenye rangi mbichi, kaskazi na kusi. Vyumba vibadilishane nafasi tu. Uchongaji uende magharibi, na ule ukuta wa vioo uwe ukuta mzima wa mawe, kwa ndani uwe stoo ya mbao. Kwa mabadiliko hayo mawili jua la jioni linazuiliwa na vumbi linaondoka, na gharama haiongezeki. Vioo vyenyewe vinapungua.

Vigae nitavisema kwa ufupi. Sisi tunachonga tumekaa chini, mguu mmoja umekanyaga mbao isiende. Patasi ikianguka juu ya kigae, kinapasuka kigae au unavunjika ukali wa patasi. Sakafu ya saruji iliyolainishwa na mikeka juu yake inatosha. Na sinki la kuoshea udongo wa mfinyanzi lijengewe kishimo cha kutuamishia tope kabla maji hayajaingia kwenye bomba, la sivyo litaziba kabla ya likizo ya kwanza.

Wapo wazee wenzangu kwenye kikao waliosema tujenge kama nyumba za kale, kuta za matumbawe na dari ya boriti, kwa vile mji wetu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001. Hapo nawapinga. Boriti ya mkoko haifiki mita tatu kwa upana wa chumba, ndiyo sababu nyumba za mababu zetu zina vyumba virefu na vyembamba. Chumba kama hicho kwa wanafunzi thelathini ni ujia. Makuti nayo ni baridi, kweli, lakini makuti juu ya chumba kilichojaa maranda, mimi mtoto wangu simpeleki. Jengo liezekwe bati, chini yake iwe dari ya mbao, na baina ya bati na dari papite hewa. Sitaki wajenge makumbusho.

Ninachotaka kutoka kwa wazee ni baraza. Pita njia kuu ya mji wetu wakati wowote uwaangalie mafundi wamekaa wapi. Wamekaa mlangoni, au kizingitini kabisa, miguu nje. Wana vyumba nyuma yao na hawavitumii ila kuwekea mali. Kama watu wanaoishi kwa kazi hii wamechagua mlango, basi karakana ya wanafunzi iwe na baraza pana chini ya ule upenu, urefu wote wa jengo, na vyumba viwe nyuma yake. Thuluthi mbili ya kazi itafanyika hapo.

Halafu ndani ya chumba cha uchongaji ukuta mmoja wasiupige lipu ya saruji. Wauache mtupu. Kila mwaka kundi moja la wanafunzi lipewe sehemu yake, waipige chokaa wenyewe, waichore kwa bikari na waichonge kabla chokaa haijashika, kama zilivyochongwa zidaka, yale mashubaka ya ukutani, za nyumba za zamani. Mafundi wa nakshi za chokaa waliobaki hapa mjini sasa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hakuna aliye chini yangu kwa umri. Mbao unaweza kujifunza kwa kipande cha bure. Chokaa inataka ukuta, na hakuna mwenye nyumba atakayempa mwanafunzi ukuta wake aukosee.

Mawe ya msingi yameanza kuteremshwa gatini na punda wanayapandisha tangu juzi. Ramani bado ni karatasi. Mchoraji wake akipenda kuja, anikute dukani kwangu saa kumi alasiri. Nitampa kigoda akae nami mlangoni kwa nusu saa, kisha nitamhamishia kwenye dirisha langu la nyuma, linalotazama magharibi, nimpe na patasi.

Fundi nakshi na mzazi,
Langoni, Lamu